Nyuso Alizoonyeshwa Mama

Kambini, tarehe 9 Februari

Dada,

Salamu nitaziweka mwishoni, kama zitabaki.

Mtoto wetu amefariki kabla ya kuzaliwa. Mimba ilikuwa imevuka miezi sita. Mke wangu aliamka asubuhi akaniambia mtoto hachezi, tukapanda gari la mahitaji hadi zahanati ya mjini, na huko wakatuthibitishia, akajifungua huko huko. Naandika kwa mkato kwa sababu nikianza kurefusha sitamaliza.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Nilipotoka pale zahanati nilimpigia Mama. Sikumpigia mtu mwingine yeyote, hata wewe. Nilitaka sauti yake. Unaikumbuka? Mimi nimekua nayo. Nilikuwa nakaa juu ya kigoda kwenye korido ya wodi ya wazazi nikisubiri zamu yake ya ukunga iishe, hadi manesi wakanibandika jina hilo, na mlango ukiwa wazi kidogo nilikuwa namsikia anavyozungumza na wanawake. Mwanamke anapiga yowe, Mama anateremsha sauti, na yule naye anateremka pamoja naye. Mtoto akitoka bila kulia, Mama alikuwa anavua viatu, anakaa kitandani na mzazi, na hakuna mkubwa wa hospitali aliyethubutu kumwita.

Basi nikamwambia, "Mama, mtoto ametutoka." Akasema, "Haya." Nikadhani analia. Kisha akasema, "Na yale makubazi yangu, utaniletea lini?" Nikamwuliza, "Mama, umenisikia?" Akacheka, Dada. Akacheka kabisa. "Nimesikia, mtoto amekufa. Makubazi yawe mapana, usisahau."

Najua kinachomuuma. Nilioa bila kumsubiri, kwa msajili, na mashahidi wangu walikuwa fundi umeme na mpishi wa kambi. Kama amekasirika, anikasirikie mimi. Mke wangu alikuwa amesimama ubavuni mwangu, na simu yangu mbovu ile haina siri, alisikia kila neno.

Sitapiga tena. Huku kwenye kambi ya ujenzi mtandao haupo, ili nipige lazima nishuke mjini, na kwa hilo sishuki tena.

Salamu zimebaki kidogo. Ni zako peke yako.

Kigoda


Nyumbani, tarehe 24 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea kwenye cherehani, na nilipoinua macho nikakuta sare ya mtoto wa watu nimeishona mkono nje ndani. Pole. Pole tena. Wifi yangu mwambie sina maneno ya maana. Ningekuwa karibu ningemfulia nguo na kumsuka nywele, nikafunga mdomo.

Kuhusu Mama, nakusihi usimchukulie hivyo. Siku ile hakuwa amelala vizuri, na hiyo simu yake inakoroma, huenda alisikia nusunusu. Umri nao unaingia. Alipoelewa, alilia sana. Alikaa uani mchana kutwa, chakula hakugusa. Ameniambia nikuandikie hivi: "Mwambie mwanangu na mkwe wangu, poleni sana, moyo wangu uko kwenu." Ndivyo alivyosema, neno kwa neno.

Makubazi yasikuumize kichwa, nimemnunulia mimi.

Hapa hatujambo. Mama ameacha kwenda kujitolea kliniki, anapumzika nyumbani. Siku hizi amependa vitu vitamu, hata sukari naificha kama dawa ya panya. Fundi Saa bado anapita kunisalimia. Anasema anakuja kurekebisha saa ya ukutani, lakini saa hiyo ilishapona zamani.

Usiache kupiga simu. Mama anakuulizia kila siku.

Dada yako


Kambini, tarehe 15 Machi

Dada,

Barua yako nilimsomea mke wangu jikoni, yeye anamenya viazi. Nilipofika kwenye maneno ya Mama aliweka kisu chini. Tangu tutoke zahanati alikuwa hajalia mbele yangu. Siku hiyo alilia, na mimi nikahisi kama mtu ametuliwa gunia begani. Akasema, "Kumbe mama mkwe ana moyo."

Jumamosi akashuka mjini peke yake kutafuta mtandao, ampigie amshukuru. Hakuniaga. Alitaka liwe jambo lao wawili.

Unajua alijibiwa nini? "Pole gani? Mimi sijasema kitu. Huyo dada yao ndiye anayeandika andika." Halafu Mama akamwuliza kama yeye ndiye yule mnene au ni mwingine.

Amerudi na uso ule ule aliotoka nao zahanati. Anapika, anafua, ananiitikia, lakini hayupo.

Dada, umemlisha Mama maneno. Sasa nakaa juu kule kwenye kreni, napandisha vyuma vya daraja, najiuliza umemlisha mangapi mengine. "Anakusalimia," "anakuombea," "anakuulizia kila siku." Hizo salamu za mwaka mzima zilikuwa za nani? Na kama umeweza kutunga mazuri, nitajuaje hukutunga na mabaya? Nani alimwambia Mama kwamba mke wangu ni mnene? Huenda mimi nimepakwa matope hapo nyumbani na sina habari.

Niambie ukweli. La sivyo, usiniandikie.

Kigoda


Nyumbani, tarehe 30 Machi

Kigoda,

Zilikuwa zangu. Salamu zote za mwaka mzima, na ile pole pia. Mama hakulia. Hakukaa uani na njaa, alikula chakula chake akamalizia na changu. Hajakuulizia. Hata mimi haniulizii, na naishi naye nyumba moja. Kuhusu unene, aliiona ile picha ya harusi mliyotuma. Sijasema kitu, wala hajakuchukia.

Ilianza na mambo ya kuchekesha. Alimwambia mwalimu mkuu, mbele ya wazazi waliokuja kuchukua sare, kwamba kinywa kinamnuka. Tulicheka mbavu zikauma, nikadhani ni utani wa uzee. Kisha jirani yetu wa ng'ambo ya barabara akafiwa na mume. Makaburini, mmoja wa wabebaji kiatu kikamchomoka, na Mama akaangua kicheko ambacho watu bado wanakisimulia. Jirani amekata mguu hapa kwetu. Kliniki nako hakuacha mwenyewe, walimwomba asirudi. Mwanamke alikuwa katika uchungu, akamwomba amshike mkono. Mama akamjibu, "Mkono naulia," akaendelea na ndizi yake.

Mtaani wanasema amekuwa na kiburi. Mjomba anasema ni jeuri, nimkaripie. Nimemkaripia, Kigoda. Ananitazama hivi hivi, kama unavyomtazama mtu anayeongea na simu upande wa pili wa barabara.

Unauliza kwa nini nilikuficha. Ulikuwa mbali, na huko mbali ulikuwa na Mama mzima kichwani mwako. Nilitaka abaki mzima mahali fulani, hata kama ni kwako tu.

Mwezi huu sindano ya cherehani ilipita kwenye kidole changu ikatokea upande wa pili. Nilipiga ukelele hadi mbwa wa jirani wakajibu. Mama alikuwa amekaa mbele yangu. Akanyanyuka, nikadhani anakuja. Akanipita, akaenda kuzima redio iliyokuwa inakwaruza, akarudi kukaa. "Chai bado?" Aliyeichomoa ile sindano ni Fundi Saa, kwa koleo lake dogo la kazi.

Nilimtazama Mama usoni nikitafuta chuki. Haikuwepo. Hasira nayo haikuwepo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana mtu akikuchukia angalau amekuona.

Mwaka jana nilimpeleka kwa daktari. Alimwuliza tarehe, akamtaka ahesabu kurudi nyuma, akampa maneno ya kukariri. Mama alijibu yote, na akamsahihisha daktari mwezi. Daktari akanipiga begani akasema nimrudishe nyumbani, ana kichwa kuliko mimi. Lakini baada ya sindano nimerudi pale nikakataa kutoka, mpaka wametupa nafasi kwa mtaalamu mwingine. Kazi yake ni kupima jinsi mtu anavyozisoma hisia za wenzake. Sikujua kwamba hilo nalo hupimwa.

Nitakuandikia yote, bila kupunguza wala kutia chumvi.

Dada yako


Nyumbani, tarehe 20 Aprili

Kigoda,

Tumeenda.

Chumba chenyewe ni kidogo, dirisha linatazama maegesho ya magari ya hospitali. Meza, kompyuta, viti vitatu. Mtaalamu ni mwanamke wa rika langu, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Mama alipoketi tu akamwambia, "Una chunusi kubwa puani." Yule akajibu, "Ndiyo, na inaniuma," akaendelea kuwasha kompyuta. Nilimpenda papo hapo.

Alianza na kumbukumbu. Mama akapita bila jasho, hadi akataja majina ya watoto pacha aliowazalisha kabla mimi sijazaliwa. Nikaanza kuona haya, nikasema moyoni, nimemleta mtu mzima hospitali bure.

Ndipo zikaja picha. Nyuso tupu, za watu wasiojulikana, moja moja kwenye kioo cha kompyuta. Mtaalamu anauliza, "Huyu anahisi nini?" Mwanamume amekunja uso, mishipa imemtoka kwa hasira, hata mimi nilirudi nyuma. Mama akasema, "Anasoma maandishi madogo. Apewe miwani." Mwanamke midomo imemshuka, macho yamejaa machozi. "Hajalala." Kijana aliyetumbua macho kwa hofu: "Huyo ni jino. Asichelewe." Zilipokuja za kucheka alipata: "Huyu anafurahi." Mwanzoni nilikuwa nabana kicheko. Baada ya muda sikuwa na kicheko cha kubana.

Halafu sauti. Mtu anasema, "Nimeacha mlango wazi," mara kwa hasira, mara kwa hofu, mara kwa furaha, na wewe useme anajisikiaje. Mama alisikiliza hadi akachoka. "Mbona anarudia? Ameacha mlango wazi, tumesikia, aende akaufunge."

Mwisho ikawa filamu fupi. Mfanyakazi anaingia ofisini amechelewa, mwenzake anatazama saa anamwambia, "Hongera, leo umewahi sana." Mtaalamu akauliza, "Huyu aliyesema hivyo, ana maana gani?"

"Anampongeza."

"Na aliyeingia anajisikiaje?"

"Vizuri. Si amepongezwa?"

Kigoda, huyu ni Mama ambaye sisi tulikuwa hatuwezi kumdanganya hata kwa mgongo. Ukiingia umevunja kikombe, alijua kwa namna unavyovua viatu.

Nililia pale pale. Sikujitayarisha, ilinitoka tu. Mama akanitazama akasema, "Mafua hayo. Umelala dirisha wazi."

Mtaalamu aliweka kalamu chini. Hakuninyamazisha. Akasema taratibu, "Mwambie."

Nikamwuliza, "Nimwambie nini?"

"Unachohisi. Kwa jina lake, kama unavyomwambia mtu rangi ya gari lililopita akiwa amefumba macho."

Tangu nizaliwe sijawahi kumwambia Mama ninachohisi. Nani kwetu anasema? Ilikuwa anajua. Nikasema, "Mama, haya si mafua. Nina huzuni. Nina huzuni sana, na nimekukosa."

Akauliza, "Huzuni? Mbona hukusema?" Akasogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, akaushika mkono wangu ule wenye bandeji, akaupakata. "Usikimbilie kunyamaza," akaniambia. "Lia kwanza, niko hapa." Na ile sauti uliyoniandikia mwezi wa pili, ile ya wodini, ilikuwa hiyo hiyo.

Haikudumu. Dakika chache akaanza kuuliza kama hospitali ina kantini. Lakini nilikuwa nimeshaisikia.

Mtaalamu alinieleza baadaye, Mama akiwa kantini anakula keki. Ni ugonjwa wa ubongo, wa aina inayoanzia sehemu za mbele, nyuma ya paji la uso. Kumbukumbu inaweza kubaki imara muda mrefu, ndiyo maana wengi hudhani mgonjwa ni mtu mbaya tu. Kinachoondoka ni kuziona hisia za watu usoni na kuzisikia sautini, na zile breki za kumzuia mtu kusema au kucheka pasipofaa. Dawa ya kurudisha kilichoondoka haipo. Kwa sasa, akasema, uso haumfikii ila neno linamfikia, basi tutumie maneno. Si wagonjwa wote walio hivyo, na kwake pia haitakuwa milele. Aliniomba nisiisikie hiyo sehemu ya mwisho kwa sikio moja.

Tuliporudi nyumbani nikamwambia Mama mambo yenu upya, kwa maneno ambayo hayana pa kujificha. Akaomba karatasi. Barua yake iko ndani ya bahasha hii. Alinikataza kusahihisha, na nilipojaribu alinipiga kofi mkononi.

Dada yako


Kigoda,

Dada yako amekaa pembeni lakini maneno ni yangu.

Nilikwenda hospitali. Wakanionyesha picha za watu wasiojua kupiga picha. Wanasema nimekosea nyingi. Mimi sioni nilipokosea.

Dada yako anasema wewe na mke wako mna huzuni. Sikujua. Ulipiga simu ukasema mtoto amewatoka. Hiyo ni habari. Hukusema una huzuni. Sasa nimejua. Poleni.

Mke wako maziwa yalimjia siku chache baada ya kuzaa. Ni kawaida. Mwili hauna habari kwamba mtoto hayupo. Kama hakuna aliyemwambia mapema, aliogopa. Wote huogopa. Ilitakiwa aambiwe kabla hajatoka zahanati, na hao waliomwacha bila kumwambia hawajui kazi. Kitambaa cha baridi, asiyakamue. Sasa yatakuwa yamekauka. Akiona uvimbe au homa arudi kupimwa.

Usimwambie mtapata mwingine. Nesi aliyesema neno hilo wodini kwangu nilimtoa nje.

Alikuwa wa kike au wa kiume? Mlimwita nani? Mimi huwa nauliza, maana wengi wameshampa jina na wanangoja mtu aulize.

Makubazi aliyonunua dada yako yananibana.

Mama yako


Kambini, tarehe 11 Mei

Dada,

Nisamehe yale ya matope. Niliandika nikiwa na moto kifuani, na wewe ndiye uliyekuwa karibu, ukaungua.

Barua ya Mama nilitaka kwanza kumficha mke wangu. Niliona zile "hiyo ni habari" nikasema hapana, hatumwagii huyu mtu maji ya moto mara ya pili. Lakini alishaona karatasi yenye mwandiko mgeni ndani ya bahasha. Akainyakua, akasoma amesimama mlangoni. Nilimwona anafika kwenye maziwa, akaketi chini, pale pale kizingitini.

Hakuna aliyemwambia, Dada. Alikuwa anaamka nguo zimelowa, anazifua kabla sijaamka, anazianika nyuma ya nyumba nisizione. Alidhani kuna kitu kimeharibika ndani yake. Mimi nilikuwa nalala kitanda kimoja naye. Tena asubuhi baada ya mazishi nilipanda kreni nikafanya kazi mpaka jua linazama, nikarudi nikamwambia, "Usijali, tutapata mwingine." Mimi ndiye niliyesema.

Nikamwuliza kama kweli alikuwa amempa jina. Akatikisa kichwa kukubali. Alimnong'oneza pale zahanati, nesi alipotoka kutafuta shuka. Alikuwa wa kike, hilo nalijua, lakini jina sikulijua hadi siku hiyo, viazi vikiungua jikoni. Sitaliandika hapa. Anataka kumtajia Mama mwenyewe, kwa sababu Mama ndiye aliyeuliza.

Nilimwambia mke wangu, barua hii Mama hakuiandika kwa kutuonea huruma, Dada amenieleza, huruma yenyewe haimfikii kama zamani. Akanijibu, "Najua. Lakini amejua nilipokuwa naumia. Wenye huruma zao wamepita hapa wote na hakuna aliyejua."

Sehemu ile ya mwisho aliyosema mtaalamu, kwamba haitakuwa milele, nimeisikia kwa masikio yote mawili. Daraja litaungana mwezi wa saba. Likiungana tu, tunakuja, wote wawili.

Mdogo wako,
Kigoda


Nyumbani, tarehe 29 Mei

Kigoda,

Njooni. Chumba chako kina vitambaa hadi darini, nitavitoa.

Jitayarisheni. Atamwambia wifi ni mnene, na atasema wewe umeota kitambi, na hapo atakuwa hajakosea kama picha zinasema kweli. Atakula kwenye sahani zenu. Msimwulize "Mama, umetukosa?" kwa sababu atajibu. Akifanya la kuudhi msikunje uso, uso ni kazi bure. Semeni.

Na mimi nina la kusema. Fundi Saa ameniomba nikamwone mama yake, safari ndefu, wiki kadhaa. Ameomba na nimekataa, ameomba tena na nimekataa tena, kwa sababu Mama hana wa kuachiwa. Juzi hakuomba. Alikuja, akaitazama saa ya ukutani, akaondoka.

Nimechoka, mdogo wangu. Naogopa atachoka na yeye. Nakuandikia hivyo hivyo kwa majina yake, maana umekuwa ukisoma barua zangu zenye kicheko mwaka mzima na hukuona kitu, na ubongo wako ni mzima.

Dada yako


Nyumbani, tarehe 2 Agosti

Dada,

Nimecheka nilipoandika anwani. Mimi ndiye niko nyumbani na wewe ndiye uko mbali. Mama mkwe wako mtarajiwa anaendeleaje? Shemeji, Fundi Saa wetu, amepumua au bado anatembea kwa ncha za vidole?

Sitakuficha, wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Siku mbili tatu baada ya wewe kuondoka, Mama alichukua yai kwenye sahani ya mke wangu akasema, "Wewe una akiba mwilini." Nilipiga meza. Nikamfokea Mama, Dada, kama ninavyowafokea vijana wanaosimama chini ya mzigo. Yeye akaendelea kukoroga chai. Nilitoka nikazunguka mtaa mzima, nikapita kwa jirani yule aliyefiwa, nikamkuta anafagia mbele ya nyumba. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisimama nikamweleza ugonjwa, picha, makaburini, kila kitu. Alisikiliza ameegemea ufagio. Mwisho akasema, "Huyu ndiye aliyenizalisha wanangu wote. Mngeniambia." Alikuja kesho yake kukaa na Mama uani. Mama akamwambia amezeeka. Akajibu, "Na wewe pia, mkunga," wakaendelea kuchambua maharage.

Mke wangu alimtajia Mama jina la mtoto siku ile ile ya yai, mimi nikiwa bado nazunguka. Nilikuta wamekaa jikoni, nikasimama mlangoni. Mama alikuwa anauliza kwa ile namna yake, kama anayejaza taarifa za zamu: alizaliwa na uzito gani, alikuwa na nywele. Mke wangu anajibu. Mama akafungua viganja akavipima hewani, akavikaribisha kidogo, akavituliza. "Atakuwa hivi," akasema.

"Ndiyo. Alikuwa hivyo hivyo."

Mke wangu akaweka viganja vyake chini ya vya Mama, wakakaa namna hiyo. Sijui kama Mama alikuwa anajua anafanya nini. Mke wangu anasema haina haja ya kujua.

Juzi nilimpeleka Mama kwa mtaalamu. Zile picha za kucheka nazo sasa anazikosa baadhi. Mtaalamu alinionyesha alikokuwa na alipofika, akasema tusiache kuzungumza naye, na siku maneno nayo yakianza kugonga bila kufunguliwa, twende kwake tutafute mlango mwingine. Kuguswa, labda. Muziki, labda. Hakuahidi.

Na jana nimepata kazi. Wanajenga maghala mapya ng'ambo ya reli, wanataka mtu wa kreni. Kwa hiyo hatuondoki. Chumba cha vitambaa tutakisafisha vizuri sasa, na wewe usiharakishe kurudi, kaa mpaka wakuzoee, kaa mpaka ulale mchana bila aibu.

Niliporudi na habari hiyo Mama alikuwa mezani. Nikaingia, nikasimama tu, sijui nianzie wapi. Akanitazama kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha, kama alivyokuwa anazitazama zile picha.

"Uso wako una kitu," akasema. "Mimi sikijui. Ni nini?"

Dada, mtu mzima mimi, nimeoa, nimezika, nimeunganisha daraja, na nilisimama pale natafuta neno kama mtoto anayetafuta kiatu. Mwishowe nikasema, "Nina furaha, Mama. Na ninaogopa."

"Vyote viwili?"

"Vyote."

Akafikiri. "Inawezekana," akasema. "Kaa hapa karibu nami, basi."

Nikakaa. Akanishika mkono kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akauvuta mkate wangu, akaula.

Kigoda